Bendera ya Bluu

Juzi, kwenye televisheni ya kibanda cha chai Kawempe, niliona bendera ya bluu katika mbio za magari, nikasikia tena harufu ya vumbi na petroli.

Nilipokuwa mtoto, baba alikuwa mwamuzi wa kona katika mbio kama hizo: nani kampita mwenzake kwa haki, nani kalazimisha. Aliniketisha peke yangu ng'ambo ya njia ya magari, kwenye nyasi. "Kaa hapa, mama. Nitakuona." Kila alipopunga bendera yake ya bluu, nami nilimpungia mkono, mpaka bega likauma. Jioni nilimwambia bibi, "Baba kanisalimia mchana kutwa!" Bibi alinifuta vumbi usoni.

"Ile bendera ya nini?" nilimuuliza mwenye kibanda.

"Inamwambia dereva: nyuma kuna mwenye kasi, mpishe."

Ikapungwa tena. Mkono wangu ukainuka wenyewe. Mwenye kibanda akaja, akidhani namwita.