Kipande cha Mkono wa Kushoto

Enzi zetu pale Mbwajumali, kisiwani Pate, harusi ilianza kwa kufumua sweta. Wa rika langu mnakumbuka: mama akitoka Amu na mzigo wa mitumba, akishuka bandarini Mtangawanda, sisi wasichana tulimlaki tukiwa tumeshagombania rangi. Tulivuta nyuzi, tukazifua, tukazianika kambani zikanukia sabuni. Kisha tulikaa uani na mkate wa mofa wa moto na chai ya tangawizi, tukafuma blanketi la bibi arusi. Vijana wa leo watauliza blanketi la sufu ni la nini kwenye joto la Pate. Lilikuwa la kutandikwa watu waone, na waliona.

Lilifumwa kwa vipande vya mraba, kila msichana na rangi yake. Mmoja alianza duara dogo la katikati, akampa wa pili azungushe rangi yake, naye akampa wa tatu, hadi wa nne akatimiza pembe. Kipande kimoja kilipita mikono minne, na midomo minne haikunyamaza hata mara moja.

Mimi nilizaliwa natumia mkono wa kushoto. Kula nilikula kwa wa kulia, kusalimia vilevile, maana nilifundishwa nikakubali. Lakini sindano ya kroshia ikikaa kulia, vidole viligeuka vijiti. Nikifuma kwa kushoto, mzunguko wangu ulikwenda kinyume na wa wenzangu, na aliyenifuata alikuta kipande kimempa mgongo. Mama mdogo wangu, Bi Zuena, msimamizi wa kazi, alikiinua juu wote wakione.

"Wapita ndia gani wewe? Fumua! Mkono huo ni wa chooni, hauingii kitandani kwa bibi arusi."

Nilifumua. Siku ya pili nikafumua tena. Siku ya tatu nikasema, "Sifumui." Sindano nikanyang'anywa, nikaambiwa nikaoshe vikombe.

Bibi arusi mwenyewe alikuwa dada yangu Mwanaesha, aliyenibeba mgongoni tangu sijaota meno. Blanketi lake lingekuwa na mkono wa kila msichana wa mtaa isipokuwa wangu. Iliniuma sana, lakini sikulia. Nilikasirika, na hasira ya mtoto wa miaka kumi si ndogo. Nilichonga kijiti kikawa na kulabu, nikaokota nyuzi walizotupa, na kila nikitoka chuoni kusoma Kurani nilijificha nyuma ya jiko. Nilifuma kipande kizima peke yangu, tangu katikati hadi pembe, rangi zote nne.

Dada alinikuta huko. Alikichukua, akaenda uani, akakiweka mapajani mwa Bi Zuena.

"Na hiki kitiwe. Kama hakitiwi, blanketi silitaki."

Kilitiwa. Bi Zuena alikiunga pembeni kabisa, upande wa miguuni, penye ukuta, kisionekane na mgeni. Siku ya harusi niliingia chumbani kabla ya wageni nikaligeuza blanketi, miguuni pakawa kichwani. Kofi nililipata. Radhi sijaomba hadi leo, na siombi.

Siku hizi blanketi la harusi hutoka dukani limefungwa kwenye nailoni, lina picha ya chui, na watu husifu. Binti akitaka kufuma hufundishwa na simu. Akikosea, anairudisha video nyuma. Sisi tulirudishwa nyuma kwa kidole cha Bi Zuena, na tulielewa upesi zaidi.

Mjukuu wangu Rukia anatumia kushoto kama mimi. Hakuna anayemkemea, na ninamshukuru Mungu kwa hilo. Lakini naye anafuma kipande kizima peke yake, bila aliyemwadhibu, kwa kuwa wenzake hawana nafasi. Tulikuwa na uani uliojaa watu wakali. Yeye ana uani mtupu na uhuru wake. Nimekataa kumwambia kwamba hiyo ndiyo bei.

Wiki iliyopita nilimwambia akimaliza katikati anipe mimi. Akanipa. Nilikitazama kwa muda mrefu, maana katika maisha yangu yote sijapata kupokea kipande nikaweza kukiendeleza bila kukigeuza. Nikatia uzi wangu, nikaanza kuzunguka, na ukakubali.