Sumu Hairuhusiwi Ukumbini

Juzi nilikuwa nasubiri zamu yangu katika ofisi moja ya elimu hapa Morogoro. Mbele yangu alisimama msichana wa sekondari kutoka milimani, akiomba kibali cha mradi wake wa maonyesho ya sayansi. Alitaka kulinganisha dawa ya dukani na maji ya pilipili, aone ipi inaua viwavi wa kabichi. Dawa alikuja nayo kwenye chupa ya soda.

Afisa, mama wa makamo, aliisukuma ile chupa kando kwa ncha ya kalamu.

"Mwanangu, hii ni sumu. Glovu unazo? Kitambaa cha pua?"

"Sina, mama. Nyumbani mimi na baba tunapuliza hivi hivi."

"Nyumbani ni nyumbani. Ukumbini watakuja watoto wa watu."

"Sasa bila dawa nitalinganisha na nini?"

Afisa akavua miwani, akafikicha macho. "Onyesha pilipili peke yake."

Siwezi kumlaumu. Tangu biashara ya dawa za kilimo iachiwe watu binafsi, dawa hizi zinapimwa kwa kijiko gengeni, jirani na sukari, na hakuna anayemuuliza mkulima habari za glovu. Walau mama huyu aliuliza.

Msichana hakubisha tena. "Basi chupa niiache wapi, mama?"

"Usiniachie hapa! Irudishe huko huko nyumbani, mwanangu, tena haraka, kabla haijamdhuru mtu."