Jeli ya Mwani kwenye Donda la Baba

Miaka ile ya tisini pale Ifakara, kitu nilichokichukia kuliko mbu kilikuwa gozi kavu, kile kitambaa chembamba cha kufungia vidonda. Nilikuwa fundi wa maabara, na baba yangu alikuwa ameletwa kwangu Lipangalala kutoka Mchombe, ana donda ndugu mguuni pale alipojikata na jembe. Kila gozi lilipobanduliwa liliondoka na nyama mpya.

Nikaanza kupika jeli ya kumfungia, isiyoganda kwenye nyama. Mwani peke yake ulipasuka ukikauka. Wanga wa mchele peke yake ulitiririka. Nilipovichanganya na gliserini kidogo, vikashikana, nikapata kipande laini cha kukata kwa mkasi. Daktari akaniruhusu nimjaribie baba, ila akanionya: donda likifika kwenye mfupa, mguu unakatwa.

Asubuhi naiweka, jioni naikuta imekauka, imemeguka vipande. Nikaongeza gliserini. Vipande tena. Nikapunguza wanga, nikachemsha upya, nikawafokea wenzangu bila kosa. Miezi miwili nililaumu mikono yangu, na donda likazidi kuchimba.

Siku moja nilirudi mchana kufuata miwani. Baba alikuwa uani, mguu ameuanika juani kama mpunga. Jeli ilikuwa pembeni kwenye sahani, inasubiri kurudishwa kabla sijafika. Yeye alikuwa anafungua vidonge vya rangi mbili, vile vya dukani, ananyunyiza unga wake kwenye donda.

"Baba, unafanya nini?"

"Nakausha. Kidonda hakiponi kwenye maji, mwanangu. Halafu hiyo yako haiumi hata kidogo. Dawa gani isiyouma?"

Nilimwita mjinga. Ndiyo, baba yangu mzazi. Akasema nimesoma nikapotea, na kwamba nimemgeuza panya wa maabara. Kuanzia siku ile shikamoo yangu hakuiitikia, na baada ya wiki sikuitoa tena.

Mfupa ulikuwa umeshaoza. Wakamkata chini ya goti.

Kidonda cha mkato nilikifunga kwa jeli ile ile, kwa ruhusa ya daktari, si ya baba. Safari hii, akiwa wodini mbele ya wauguzi, hakuibandua. Kikapona vizuri mno, madaktari wakaja kukitazama, wakanipongeza mbele yake. Baba akageukia ukutani.

Nilimchukia pale pale, nikajichukia zaidi. Miezi miwili nilikuwa nimekagua mwani, wanga na gliserini, na mwenye mguu sikuwahi kumwuliza anafanyaje nikiondoka.