Binti Mfalme Mwenye Sauti ya Jitu

Saa nane mchana, mvua imekatika sasa hivi, na Chepkemoi anamalizia chai ya tangawizi akiwa amesimama kando ya televisheni. Watoto wamebanana kwenye mabenchi. Akina mama waliowaleta wameegemea ukuta wa mabati. Hapa ni Kibomet, Kitale, katika ukumbi wa video wa Joginder, Jumamosi moja ya Agosti 1994.

Kazi ya Chepkemoi, mwenye umri wa miaka 34, ni kutafsiri. Filamu huja kwa Kiingereza, naye huzisema kwa Kiswahili, kila mhusika na sauti yake. Kwa miaka mitatu amekuwa majitu, majambazi na wafalme wakali. Wasichana na malaika walikuwa wa mwenzake Jairus, mwanamume mwenye sauti nyembamba kama filimbi.

Akifungua mdomo, sababu inajulikana. Sauti yake ni nzito kuliko ya wanaume wengi.

"Kanisani huko Sirisia mwalimu wa kwaya aliniambia nisimame na wanaume ama nikae nyumbani," anasema. "Nikakaa nyumbani. Nilikuwa na miaka kumi na tano."

Tangu hapo akawa mtu wa kusalimia kwa kichwa. Alipohamia Kitale alifua nguo za watu, kimya. Joginder alimgundua siku alipomsikia akimfokea mbwa aliyeangusha kamba ya nguo.

"Nilifikiri polisi wamekuja," anasema Joginder.

Sasa Jairus amerudi kwao Myanga kufungua duka, na kanda ya leo ni katuni ya hadithi ya kale. Binti mfalme alizaliwa na mkia, akauficha chini ya gauni tangu utotoni. Anasafiri kumtafuta mchawi amkate mkia huo. Joginder amesema wazi: watoto wakitoka kabla ya mwisho, katuni zimekwisha. Ataonyesha filamu za karate tu, ambazo watu hutazama bila mfasiri. Chepkemoi hulipwa shilingi 600 kwa mwezi, na hizo ndizo zinazolisha watoto wake wawili.

Lajwanti, mke wa Joginder, ndiye aliyemweleza Kiingereza cha kanda hiyo, kama afanyavyo siku zote. "Mimi niliacha shule darasa la tano," anasema Chepkemoi. "Yeye alinipa hadithi, mimi nikatia chumvi."

Picha inaanza. Binti mfalme anaongea, na Chepkemoi anabana koo kumwiga Jairus. Kinachotoka ni mlio wa mlango usiotiwa mafuta.

Watoto wanaangua kicheko.

"Ati binti mfalme ana mafua!"

"Mama, umemeza kuku?"

Benchi la nyuma linaanza kuinuka. Joginder anatazama kutoka mlangoni, mikono kifuani.

Ndipo Kabura, muuza vitunguu ambaye hakosi Jumamosi, anapaza sauti kutoka ukutani: "Chepkemoi, wacha kujinyonga, bana! Si uongee na sauti yako? Kwani hatukujui?"

Kwenye televisheni mdomo wa binti mfalme unacheza bila neno. Kisha Chepkemoi anaongea kutoka tumboni, vile anavyowaita watoto wake nyumbani waje kula.

Hakuna anayecheka. Benchi la nyuma linakaa.

Mchawi anainua kisu, binti mfalme anamshika mkono. Kwa Kiingereza msichana anasema "hapana" tu. Chepkemoi anaona haitoshi.

"Hapana, mama. Nimetoka mbali nije kukatwa, na huu mkia ndio umenivusha mto. Weka kisu chini. Narudi nyumbani nao. Anayetaka kucheka acheke nikimwona."

Ukumbi unalipuka. Kabura anapiga mabati kwa kiganja.

Baadaye, akikunja nyaya, Chepkemoi anafuta jasho. "Nilipenda kuwa jitu kwa sababu jitu likichekwa halijali," anasema. "Leo ndiyo mara ya kwanza nimekuwa msichana."

Joginder alimwambia aje mapema Jumamosi ijayo, kwa sababu katuni itaonyeshwa mara mbili.

Lakini Chepkemoi tayari anawaza mbali zaidi. Anataka kuipeleka kanda hiyo kule mlimani, juu ya Sirisia, aitafsiri kwa Kisabaot, lugha ya kwao, mama yake aisikie. Mama hajawahi kuona picha inayotembea. Kinachokosekana ni jenereta, na jenereta ni ya Joginder.

"Amekataa mara mbili," anasema, akicheka hadi benchi linatikisika. "Lakini nilikuwa namwomba kwa kunong'ona."