Sanda ya Baba Mkwe

Jumamosi moja ya mwezi wa nne, mwaka 1984, nilipoteza baba mkwe na nikapoteza suruali. Baba mkwe alichukuliwa na ugonjwa wa kifua, na hapo sikuwa na la kufanya. Suruali niliipoteza kwa akili yangu mwenyewe. Nimekaa na aibu hii miaka mingi, na hata leo wakija wageni mke wangu akianza kunitazama kwa pembeni, mimi huinuka nikaenda kuangalia ng'ombe, hata kama ng'ombe wamelala. Sasa nitaieleza kama ilivyokuwa. Mcheke, ila mjue siku ile mimi sikucheka.

Ukoo wa mke wangu wana utaratibu wao: mzee akifa, sanda huletwa na mume wa binti wa kwanza, na huyo ni mimi. Mwaka mwingine lingekuwa jambo jepesi. Lakini wa umri wangu mnaikumbuka miaka ile, duka la ushirika lilikuwa na rafu tupu na mwuzaji anayepiga miayo, sukari tuliisikia redioni, kipande cha sabuni kilikatwa kwa uzi ili majirani wagawane, na watu walizikwa kwenye mikeka na magunia. Mke wangu alikuwa kwao Nakwa akimuuguza baba yake, mimi nilikuwa nyumbani Nangara, na asubuhi hiyo akatokea shemeji yangu Daudi kwa miguu, macho mekundu.

"Shemeji, Baba ametutoka alfajiri," akasema. "Katekista anafika saa nane, halafu ana msiba mwingine Mutuka, hatasubiri. Mama anasema sanda tunakutegemea wewe."

Akageuka kurudi kuchimba kaburi. Mimi nikazunguka nyumba hadi nyumba kuomba kitambaa cheupe mpaka jua likapanda, na aliyeniokoa ni jirani yetu, Bibi Magdalena, mwanamke mzee aliyeishi peke yake. Alifungua sanduku akatoa kitambaa cheupe kilichokunjwa vizuri, chenye harufu ya majani makavu, nikaelewa kwamba alikiweka kwa ajili yake mwenyewe.

"Chukua, mwanangu," akasema. "Mimi bado sijaitwa. Ila kifike kisafi."

Nikavaa suruali yangu ya kanisani (ndiyo pekee iliyokuwa haina kiraka), nikakifunga kitambaa kwenye gazeti na kamba, nikakiweka kwenye keria ya baiskeli, nikaondoka.

Sasa hiyo baiskeli. Breki hazikuwepo, nilifunga breki kwa kukanyaga gurudumu na kandambili, na tairi la nyuma nilikuwa nimelishona kwa waya kwa sababu tairi jipya lilikuwa kama sukari, jambo la redioni. Barabara ya Nakwa ilikuwa imemwagwa changarawe mpya, zile zenye makali, na kabla sijafika mbali nikasikia pssss. Pancha. Gundi sikuwa nayo, kwa hiyo nikafanya tulivyofanya wote wakati ule, nikalijaza tairi nyasi mpaka likawa gumu, nikapanda tena, likaruka-ruka kama punda mwenye hasira, na nyasi zikaanza kuchomoza kwenye mshono. Nikajua changarawe hizi zitalimaliza. Hapo ndipo nilipofanya uamuzi mdogo ulioniharibia siku: nikaiacha barabara, nikashika njia ya mkato inayopita bondeni kandokando ya ziwa. Kule ni tambarare, udongo laini, na kiangazi baiskeli inateleza yenyewe.

Lakini huo haukuwa wakati wa kiangazi. Masika yalikuwa yamejaza ziwa na maji yalikuwa yameingia kwenye matete, na katikati ya bonde njia ikazama mbele yangu. Ng'ambo ya pili niliziona nyumba za Nakwa, karibu kabisa. Nikafikiria suruali. Tope la ziwani likiingia kwenye nguo halitoki bila sabuni, sabuni hakuna, na mbele yangu yupo mama mkwe, ambaye mimi mkwe wake siruhusiwi hata kula akiwa ananiona. Basi nikaivua. Nikaikunja vizuri, nikaitundika kwenye usukani, furushi la sanda nikalifunga mgongoni, nikaingia majini nikisukuma baiskeli, nikiwa na shati na chupi. (Chupi yenyewe mke wangu aliishona kwa mfuko wa unga wa njano wa msaada, na maandishi ya Kizungu yalikuwa yamebaki pale pale pa kukalia.)

Maji yalinifika mapajani. Ndege walikuwa wanalia, halafu wakanyamaza wote. Nikasikia pumzi. Mtu aliyekulia kando ya ziwa letu haulizi hiyo ni pumzi ya nani. Niligeuza shingo polepole nikamwona kiboko kwenye matete upande wa nchi kavu, mgongo wake unang'aa kama mtungi, masikio yakitikisika. Tangu utotoni tunafundishwa neno moja, usimkatie kiboko njia ya kurudi majini, na mimi nilikuwa nimesimama katikati yake na ziwa.

Miguu ilikataa. Nasema kweli, niliiambia iende ikakataa. Kisha akafungua mdomo, nikaona yale meno, na sijui niliruka vipi, ninachokumbuka ni kwamba niliiachia baiskeli na nikajikuta juu ya kichuguu kilichotokeza kwenye matete, nimekikumbatia kama mtoto anavyokumbatia mguu wa mama yake. Kiboko alipita pale nilipokuwa nimesimama. Nikasikia chuma kikilia. Halafu hakwenda. Alisimama majini, amebakiza macho tu, na macho yakinitazama.

Nilikaa pale. Jua likahama. Kutoka Nakwa upepo ulileta wimbo wa msiba, ukaisha, ukaanza mwingine, nami nikafikiria kwamba nikifa hapa maiti zitakuwa mbili na sanda ni moja. Nilisali sala zote ninazozijua, na nilipofika mwisho nikamwita baba mkwe kwa jina lake, jambo ambalo sikuwahi kulifanya akiwa hai. Mzee yule ndiye aliyenipa binti yake wakati ndugu zake wanasema mimi ni maskini. Kumlaza ardhini bila sanda, nikaona heri kiboko.

Baadaye yale macho yakazama. Nikangoja, nikashuka. Gurudumu la mbele lilikuwa limekunjwa kama chapati. Suruali haikuwepo. Nilipapasa kwenye tope kwa mikono yote miwili, mpaka matete yakatikisika tena upande wa ziwa, nikakimbia bila kugeuka, nikatokea nchi kavu ya Nakwa sina baiskeli, sina suruali, furushi la sanda bado liko mgongoni, kavu.

Nifanye nini? Kurudi siwezi. Kwenda mbele ya mama mkwe na maandishi yale ya Kizungu siwezi. Nikaifungua sanda. Niliogopa kuliko kwenye kichuguu, kwa maana nguo ya maiti haivaliwi na mzima, kila mtu anajua. Nikajifunga kuanzia kifuani, nikakusudia nijifiche nyuma ya nyumba nimwite Daudi kimya kimya.

Nilichosahau ni kwamba kaburi lilikuwa linachimbwa nyuma ya nyumba.

Daudi alikuwa shimoni. Aliinua kichwa akaona mtu wa tope aliyevaa sanda anatoka kwenye matete. "Yesu na Maria!" akapiga kelele, akaruka nje ya kaburi kama chura, jembe likabaki. Wachimbaji wenzake wakatawanyika, mbwa wakaanza kubweka, wanawake wakakimbia na watoto, na mzee mmoja aliyeshindwa kukimbia akasema kwa sauti, "Amerudia ugoro wake! Nani ameuchukua ugoro wa marehemu? Arudishe!" Katekista aliinua msalaba. Mimi nikainua mikono kuwatuliza, na hilo likazidisha mbio, na nguo ikaanza kushuka.

Mke wangu ndiye aliyesimama. Akanitazama chini.

"Huyo ni Baba Regina," akasema. "Naijua miguu hiyo."

Waliporudi ndipo hofu yenyewe ilipoanza. Hakuna aliyecheka. Shangazi wa mke wangu, dada wa marehemu, akaninyooshea kidole: "Ameivaa sanda. Mnamzikaje mtu na nguo aliyokwisha kuivaa mwingine? Itamwita huyu amfuate." Katekista akatazama jua. Nikaona kweli mzee atazikwa na gunia kwa sababu yangu, na nikaamini pia kwamba nitamfuata.

Mama mkwe alikuwa hajakimbia. Alikuwa ameketi pale pale barazani kando ya marehemu, akinipa mgongo kama desturi inavyotaka, na desturi pia inamkataza kusema nami, kwa hiyo alimwambia binti yake, kwa sauti ambayo wote tuliisikia.

"Mwambie mumeo aende zizini akavue. Penye tope pakatwe. Baba yenu alikuwa anasikia baridi sana siku hizi za mwisho. Nguo iliyopata joto la mtu wake, si mbaya."

Nikaenda zizini, na juu ya ukuta ukatokea mkono wa Daudi umeshika suruali ya kahawia, suruali ya baba mkwe.

Tangu siku hiyo sijapita bondeni wakati wa masika, na suruali niliyoivaa kwenda safari hainivuki mpaka nifike, ichafuke itakavyo.

Tulimzika kabla katekista hajaondoka. Sanda ilikatwa pindo, ikamtosha kwa shida. Baba mkwe alikuwa mtu mnene kabla ya kuugua, na mimi mkanda nilikuwa sina, kwa hiyo zamu yangu ilipofika nilisogea ukingoni, nikaishika suruali yake kiunoni kwa mkono wa kushoto, na kwa mkono wa kulia nikamtupia udongo.