Mikebe ya Barabara ya Nimule

Fundi wa pancha wa Gumbo, kando ya barabara ya Nimule, hamwulizi dereva ametoka wapi. Hupiga magoti kando ya tairi, akalipapasa kwa vidole vyake vyeusi kama daktari anayetafuta wengu, kisha huchomoa kilicholitoboa na kukiinua juani. "Hii iko ya Nesitu," husema. Au ya Aru, au ya Pageri, kwa sauti ya hakimu asiyekatiwa rufaa, halafu hukitia kwenye mkebe ulioandikwa jina la mji huo. Mikebe ni minne, wa mwisho ukiwa wa Nimule yenyewe. Hakuna dereva aliyewahi kumbishia, na heshima hiyo anaipenda kuliko hata chai ya jirani yake Betty.

Juzi lori lilisimama kwake kuongeza upepo tu. Dereva alikuwa akijisifu kwamba ametoka Nimule bila pancha hata moja, mara tairi la nyuma likaanza kuvuja upepo. Fundi akatabasamu. "Pageri imekusindikiza mpaka hapa, ndugu yangu." Akachomoa, akainua juani. Ilikuwa ncha ya bisibisi yake mwenyewe, aliyoivunja asubuhi na kuitafuta kwa kutambaa mbele ya wateja wa chai.

"Sema basi, mzee," Betty akamwita, birika mkononi. "Hiyo iko ya wapi?"

Akaifuta kwa shati, akaitazama tena kana kwamba itabadilika. "Iko ya njiani," akasema.

Sasa mikebe ni mitano. Wa tano unakaa chini ya benchi, na jina la Gumbo limegeuziwa ukutani.