Bima ya Ghala la Usa River

Ephraimu alikuwa kontrakta wakati neno hilo kwetu Meru lilikuwa la Wahindi na Wazungu. Miaka michache kabla ya uhuru, mlowezi mmoja wa Usa River alimpa kazi ya kujenga ghala la kahawa, la mawe, refu kwenda juu kuliko kanisa letu. Sharti lilikuwa moja: bima ya wafanyakazi iwe tayari Jumatatu, ama kazi iende kwa Singasinga wa mjini. Mawe yalishasombwa kwa ahadi ya malipo. Vijana walishakata miti ya majukwaa. Kazi ikimponyoka, angepita wapi watu wasimwone?

Jumamosi nilimsindikiza Arusha ili nimsomee karatasi, maana Kiingereza nilijifundisha mwenyewe kwa taa ya chemli. Njiani alisimama mara kwa mara kupapasa fedha za bima katika mfuko wa koti, kama mtu aliyebeba yai.

Wakala wa bima, Bwana Hirji, alikuwa na ofisi nyuma ya duka la vitambaa. Hakuwa mtu mbaya. Aliuliza, akaandika. Watu wangapi? Wanapanda juu kiasi gani? Majukwaa ni ya miti au ya chuma?

"Kila jibu lina bei," alituambia. "Anayechimba msingi, ndogo. Anayefunga kenchi za paa huko juu, kubwa. Sasa niambie, kuna mtu wako aliwahi kuanguka?"

Ephraimu akapumua kwa mara ya kwanza siku ile. Alidhani ameulizwa habari za utu wake.

"Yupo, mzee Aminieli. Alianguka kule Makumira, akavunjika nyonga. Nilimchinjia ng'ombe apate supu. Kikosi kizima tukamlimia shamba, kahawa tukamchumia mpaka akasimama. Hata leo ninaye, anachonga mawe ameketi. Uliza Meru nzima!"

Nilimkanyaga mguu, lakini nilikuwa nimechelewa.

"Ng'ombe mzima?" Hirji aliuliza huku akiandika.

"Dume!"

"Basi hiyo ilikuwa ajali kubwa, rafiki yangu." Akageuza karatasi tuione. Bei ilikuwa imepanda karibu mara mbili.

"Bwana Hirji, mimi nimekueleza jambo jema!"

"Jema kabisa. Lakini kampuni inasoma ajali tu. Na kilema bado yuko kazini? Mtoe, nitaandika bei ya kwanza. Akibaki, siwezi."

Jumapili baada ya ibada tulikwenda kwa Aminieli. Ephraimu alisimama mlangoni, kofia mkononi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mbona uso kama umefiwa?"

Akamweleza yote. Mzee akacheka mpaka akakohoa.

"Mimi nimeketi chini na jiwe langu. Nianguke niende wapi?"

"Si mimi, mzee wangu. Ni bima."

"Na kijana akianguka kesho, hiyo bima itakwenda kumchumia mkewe kahawa?"

"Itatoa fedha."

"Sikukuuliza fedha."

Ephraimu alimtoa. Bima ikapatikana, kuta zikapanda. Leo wasomi wetu wanayaita hayo maendeleo, na mtu akivunjika mguu majirani huuliza kwanza kama ana karatasi. Mimi nilimwona Ephraimu siku zile: alishinda chini ya majukwaa, shingo juu, akifoka kila unyayo ulipoteleza. Zamani alihofia watu wake wasiumie. Sasa alihofia swali la Hirji la mwaka ujao, na vijana walilijua hilo.

Ujenzi ulipofikia kenchi, jiwe lilimponda vidole Eliasi, mmoja wa vijana wale. Hakulia. Alivifunga kwa kitambaa, akaficha mkono ndani ya shati, kisha akapanda ngazi kwa mkono mmoja, asije akatolewa kama mzee.

Ephraimu alikiona kitambaa, na damu. Akageuka upande wa pili, akauliza kwa sauti chokaa imewekwa wapi.